Deni la Shaabani

Jumamosi iliyopita usiku nilitoka uani kuanua nguo za watoto nikatupa jicho juu, mwezi umekaa nusu kabisa kama kipande cha tikiti, nikaanza kuhesabu kwa vidole palepale nguo zikiwa begani, leo mwezi saba, yaani tarehe saba Shaabani. Moyo ukanipiga paa. Sio kwa sababu Ramadhani inakaribia, hapana, Ramadhani naipenda na naisubiri, ni kwa sababu nadaiwa siku sita za funga ya mwaka jana na hata moja sikua nimelipa, na hapo katikati imepita miezi kumi mizima ambayo kila wiki nilikua nasema ntaanza jumatatu. Wanawake wenzangu mnaosoma hapa mnajua siku sita zinatokana na nini, sina haja ya kueleza.

Usiku ule sikulala mapema. Nimekua nikiufikiria sana huu mwezi tangu siku hiyo, na nikaona niandike kwa sababu nahisi wengi wetu tunaupita kama mtu anavyopita korido akikimbilia sebuleni.

Shaabani ni mwezi wa katikati. Nyuma yake kuna Rajabu na Miraji yake, usiku wa ishirini na saba, misikiti inajaa watu wanasikiliza kisa cha Mtume (s.a.w) kupandishwa mbinguni na kurudi na sala tano. Mbele yake kuna Ramadhani yenyewe, alafu Idi. Wenyewe hapo katikati hauna nguo mpya, hauna mkono wa Idi. Na hili sio sisi wa leo tu. Sahaba Usama bin Zaid alimuuliza Mtume, mbona sikuoni ukifunga katika mwezi wowote kama unavyofunga Shaabani? Akajibiwa kwamba huo ni mwezi ambao watu wanaghafilika nao kati ya Rajabu na Ramadhani, na ndio mwezi ambao amali zinapandishwa kwa Mola wa viumbe vyote, na yeye anapenda amali yake ipandishwe akiwa amefunga. Hadithi hii ameipokea Nasai.

Mi hilo neno wanaghafilika ndio linanikaa rohoni. Hajasema watu wanafanya maasi, hajasema wamekataa, wamesahau tu kwa sababu macho yao yako mbele. Ni kama kwenye shughuli, watu wote wanaangalia mlango anaotokea bibi harusi, hakuna anaemuona yule mama aliyeamka saa tisa usiku kukuna nazi. Na Mtume akachagua kuwa upande wa mkuna nazi. Bibi Aisha amesema hakuwahi kumuona akifunga sunna kwa wingi katika mwezi wowote kuliko Shaabani.

Kuna kitu kingine ambacho nilikijua tangu utotoni ila sikuwahi kukitafakari, hesabu yetu ya miezi huku pwani. Ukishasali Idi umeingia mfungo mosi, unafuata mfungo pili, mfungo tatu watu wako Hija, mfungo nne mwaka wa Kiislamu unaanza, mfungo sita ndio Maulidi, mpaka mfungo tisa. Miezi tisa yote wazee wetu waliihesabu kwa umbali wake kutoka Ramadhani, yaani mtu yuko katikati ya mwaka huko lakini tarehe anayoitaja inamkumbusha ametoka wapi. Alafu ukifika baada ya mfungo tisa hesabu inakatika. Hakuna mfungo kumi. Yanarudi majina, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, ndio hayohayo tunawapa watoto wetu wa kiume wakizaliwa humo. Kwa ninavyoielewa mimi, miezi tisa unahesabu kwa sababu unatoka, na ikibaki mitatu huhesabu tena kwa sababu sasa unaingia, umeshashika kitasa cha mlango.

Abu Bakr al-Balkhi, mmoja wa wachamungu wa zamani, alisema Rajabu ni mwezi wa kupanda, Shaabani ni wa kumwagilia na Ramadhani ni wa kuvuna. Nimelisikia hili kwenye mawaidha kila mwaka na kila mwaka nilikua natingisha kichwa tu. Lakini aliyelima anajua kumwagilia ndio kazi isiyo na shukrani kuliko zote, siku ya kupanda watu wanakuja kusaidia na siku ya kuvuna watakuja hata wasioalikwa, ila kubeba ndoo jioni kwa jioni unabeba peke yako na kesho yake shamba liko vilevile.

Sasa nirudi kwenye deni.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikua na kopo la maziwa ya unga analiweka juu ya kabati la vyombo, ndani yake kuna mbegu za ukwaju. Sisi wajukuu tulikua tukilifuata kwa ajili ya kuchezea na alikua mkali kwa hilo kopo kuliko kwa pochi yake. Nilipovunja ungo ndio akaniambia. Ramadhani kila siku inayompita bila kufunga anatia mbegu moja, na akiilipa anaitoa anaitupa shambani. Hajui kusoma maandishi ya kizungu, kalenda hana, ila alikua hadaiwi. Akinifungulia kopo ananionesha mbegu nne zimelala chini zinang'aa, kahawia iliyoiva, ananiambia hizi ni za Mungu hizi, usichezee. Na alikua akizitoa zote kabla Shaabani haijafika nusu, mbegu ya mwisho anaishika kidogo kwenye kiganja kabla hajaitupa. Mimi nina simu yenye kalenda ya miezi yote ya dunia na inanipigia kengele na bado nimefika Shaabani na mbegu zangu sita.

Faraja niliyoipata ni kwa Bibi Aisha huyohuyo. Amesimulia kwamba alikua na siku za kulipa za Ramadhani na hakuweza kuzilipa isipokua katika Shaabani, na hii iko kwenye Bukhari na Muslim. Nilipoisoma nilikaa chini. Mke wa Mtume, yumo ndani ya nyumba ambayo wahyi unashuka, na yeye pia shughuli zilimbana hadi mwezi huu wa mwisho. Kwa hiyo Shaabani pia ni mwezi wa wanawake wanaolipa, na nadhani ukipita asubuhi kwenye nyumba za Waislamu kuanzia Lamu mpaka Kilwa utakuta wengi sana wamefunga kimya kimya bila mtu kujua, wanapika chai ya watoto, wanaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema.

Ila faraja sio ruhusa ya kuzembea. Sisi Mashafii tumefundishwa kwamba ukiichelewesha kadha, yaani funga unayodaiwa, bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikakukuta, unalipa siku na juu yake kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku apewe maskini. Pia nia ya funga ya kulipa lazima uitie usiku kabla ya alfajiri, sio unaamka saa tatu unaona njaa haijauma ndio unasema basi leo nimefunga. Na ile hadithi ya kwamba Shaabani ikifika nusu msifunge, ustadhi wetu alitufafanulia inamuhusu anaeanza kufunga sunna hapo bila mazoea, anaedaiwa yeye anaendelea kulipa. Siku moja au mbili za mwisho ndio Mtume amekataza watu kuitangulia Ramadhani kwa kufunga, isipokua mwenye funga yake ya kawaida, ili ionekane tofauti baina ya sunna na faradhi.

Basi jumatatu nikafunga ya kwanza. Na ile siku ya njaa ndio ikaniletea deni la pili, ambalo sio la Mungu.

Mnajua habari ya usiku wa Nisfu Shaabani. Kwetu Tanga zamani baada ya magharibi watu wanakaa msikitini wanasoma Yasini mara tatu na dua, watoto tunapewa halua. Sa hivi ni mada ya kugombana, wapo wanaosema ni bidaa, jambo la kuzushwa kwenye dini, na wapo wanaosema tumewakuta wazee nayo, mimi sina elimu ya kuamua na sitaki ugomvi huo uanzie kwangu. Ila kuna hadithi moja ya usiku huo, ya Abu Musa al-Ashari, ipo kwa Ibn Majah, masheikh wamevutana juu ya daraja lake na wapo walioikubali kwa wingi wa njia zake. Inasema Mwenyezi Mungu huwaangalia waja wake usiku wa nusu ya Shaabani akawasamehe wote isipokua mshirikina na mwenye uhasama na mwenzake. Wawili hao tu. Tunabishana kama tusome Yasini au tusisome, na kumbe aliyetajwa kuachwa nje ni mtu mwenye kinyongo.

Mimi nilikua na miaka mitatu sisemi na mama mdogo wangu.

Naandika hili kwa aibu lakini naliandika. Kwenye harusi ya mdogo wangu nilishika mimi pesa za jikoni. Siku ya kufunga hesabu nyama ikapungua shilingi 45,000, mama mdogo akasema mbele ya kamati yote, pesa ya nyama haijatimia na aliyeshika ni fulani. Niliwaka. Niliapa. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake mdogo, nikaondoka Tanga usiku uleule. Wiki mbili baadae nikaikuta bahasha kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa shughuli, noti zimekunjwa vilevile. Nilikaa nazo siku tatu. Alafu umeme ukaisha na mtoto akarudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango na nikazitumia, nikajiambia ntazirudisha mwisho wa mwezi. Mwenye bucha alikua ameshalipwa, alilipa mama mdogo mfukoni mwake. Na badala ya kurudisha nikaanza kukuza hasira, maana hasira ilikua inanificha. Kila nikitajiwa jina lake nasema yule alinidhalilisha, na ni kweli alinidhalilisha, ila mwenye hela za watu ni mimi.

Mwaka jana kabla ya Ramadhani nilimtumia ile mesej ya WhatsApp ya maua, naomba radhi kwa yeyote niliyemkosea kwa kujua au kutojua, niliituma kwa watu wote kwenye simu yangu na yeye alikua humo. Mnaikumbuka hiyo mesej kila mtu anayo. Sisemi ni mbaya, ila niwe mkweli, mimi niliituma ili nisimpigie.

Alhamisi ya mwezi kumi na mbili nikapanda basi la asubuhi la Tanga pale Mbezi nikiwa nimefunga. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini nilihisi nikila ntashuka Chalinze na kugeuza. Njiani nilikua nawaza habari ya kibla. Mtume alipohamia Madina alisali miezi 16 au 17 akielekea Baitul Makdis, Yerusalemu, na moyo wake ukitamani Makka, anageuza uso wake mbinguni anasubiri, mpaka ikashuka aya ya 144 ya suratul Bakara. Wapo wanazuoni wanaosema ilikua Shaabani ya mwaka wa pili wa Hijra, wengine wanasema Rajabu. Na katika Shaabani ya mwaka huohuo ndio ikafaradhishwa funga ya Ramadhani. Yaani amri ya kugeuka na amri ya kufunga zimekuja zimefuatana. Watu wa Kuba, kitongoji cha Madina, habari iliwakuta wamo ndani ya sala ya alfajiri, mtu akaja akawaambia Mtume ameamrishwa kuelekea Kaaba, wakageuka hapohapo wakiwa ndani ya sala, hawakusema tumalize kwanza hii tutageuka ijayo. Walikua wameelekea Sham, iliko Baitul Makdis, wakageuka nusu mzunguko, waliokuwa mbele wakawa nyuma. Nikajiuliza hiyo sala ilikuaje, mtu anasikia sauti tu, anaiamini, anageuka na mwenzake wa pembeni anageuka. Nikaona nimekaa miaka mitatu nasema nikimaliza hili ntageuka.

Segera tukasimama, watu wakashuka kula, Muheza wakaja na machungwa dirishani. Saa saba mchana nikawa Ngamiani.

Alikua amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Kazeeka. Miaka mitatu ni mingi kwa mtu wa umri ule. Nikasema shikamoo mama, akainua uso, akasema marahaba mwanangu, karibu, kama vile nimetoka jana. Akataka kuinuka kunitia chai nikamwambia mama nimefunga, nalipa. Akakaa tena. Akasema na mimi nimefunga, leo alhamisi.

Sasa hapo fikirieni. Ukienda kwa mtu kuomba radhi huku kwetu kuna chai, kuna kashata, kuna chakula cha mchana, kuna kubembelezana ongeza kidogo, saa zinapita na jambo lenyewe linazungukwa mpaka unaaga hujasema. Sisi hatukua na kitu cha kushika. Kutoka saa saba mpaka magharibi ni sisi na ungo wa mchele tu. Nikasogea nikaanza kuchambua upande wangu, natoa mchanga, natoa vipunga, yeye upande wake, vidole vinakaribiana katikati. Nikamwambia hivyohivyo macho chini. Bahasha niliikuta. Nilizitumia. Nikatoa 45,000 nikaziweka pembeni ya ungo.

Hakuzihesabu. Akaendelea na mchele mda mrefu. Alafu akasema nilijua. Nikamuuliza ulijuaje mama? Akasema siku zile ulikua unapiga kelele, ulikua unampigia kila mtu kwenye ukoo unajitetea, nikasema masikini mtoto huyu labda nimemuonea. Baada ya wiki mbili ukanyamaza. Nikajua umeziona.

Miaka yote hiyo alijua. Akasema alikua ananisubiri, na kila Shaabani ikiingia anasema mwaka huu atakuja. Alafu akazichukua zile hela akazifunga kwenye pindo la kanga yake, na akasema na mimi nilikusema mbele za watu, nilikua na uwezo wa kukuita chumbani, nisamehe mwanangu. Nililia mpaka nikaogopa machozi yataharibu mchele.

Mimi sasa nasikia tofauti ile dua ya watu wetu, Mola tubarikie Rajabu na Shaabani na utufikishe Ramadhani. Wataalamu wanasema mapokezi yake ni dhaifu, mimi naisoma kama dua ya wazee. Zamani nilikua nasikia tufikishe tu, yaani tusife. Sasa naona mtu anaweza kufika Ramadhani mzima wa afya na bado hajafika, amebeba mizigo yake yote ameingia nayo, anafunga mdomo na moyo una watu aliowafungia nje.

Ndio maana nasikitika na vunja jungu ya sa hivi. Kwa bibi vunja jungu ilikua ni siku mbili tatu za mwisho wa Shaabani, ndugu na majirani wanapika pamoja mchana wanakula sinia moja, wanaoneana, aliyenuna anavutwa aje. Leo ukisikia vunja jungu ni muziki na ufukweni na pombe, mtu anamaliza maovu yake ya mwaka kwa fujo kana kwamba anayaaga na ameshapanga nayo miadi ya Idi. Inaniuma. Na sisi wa nyumbani tusijitoe, kwetu maandalizi yamekua sukari, unga, tambi, tende, bei inapanda tunalalamika na tunajaza makabati. Kuna mtu mwema wa zamani wa mji wa Kufa huko Iraki, Amr bin Qais, Shaabani ikiingia alikua anafunga duka lake anakaa na Kurani, na waliotangulia walikua wakiuita mwezi wa wasomaji. Siwaambii watu wafunge maduka, watoto watakula nini. Ila hata nusu saa.

Magharibi ya siku ile tulifungua kwa tende na maji, alafu muhogo wa nazi alioupika mwenyewe, alikataa nisimsaidie kukuna. Nikalala hukohuko. Kabla ya kulala akaniuliza zimebaki ngapi, nikamwambia nne ukitoa ya leo, akasema kesho mwezi kumi na tatu, zinaingia siku nyeupe, mi nafunga zote tatu, funga na mimi.

Saa kumi kasoro usiku akanigongea mlango. Kanga kichwani, taa ya simu mkononi, na bakuli la uji wa pilipili manga linatoa moshi. Akakaa kwenye kitanda pembeni yangu akasubiri ninywe. Nilipofika nusu ya bakuli akauliza, umeshatia nia? Nikamwambia bado mama.

Tia basi, hawajaadhini.